Nodi ya kwanza iliyokosa jirani: uchambuzi wa kisa cha kilomita 8

Mwendeshaji mmoja wa redio za ridhaa (amateur radio, redio zisizo za biashara), mwenye leseni na aliyezoea kuzungumza kwenye bendi ya mita 2, aliamua kuweka nodi ya mtandao wa meshi nyumbani kwake, yaani kituo kimoja cha mtandao ambao vituo vyake hupokezana data moja kwa moja kwa redio. Klabu yake tayari ilikuwa na nodi juu ya kilima, kilomita 8 kutoka kwake kwa mstari ulionyooka. Ruta alikuwa nayo, programu aliipakia bila shida, kurasa za nodi zikafunguka vizuri kwenye kivinjari. Tatizo lilikuwa moja: sehemu inayoorodhesha majirani, yaani nodi nyingine zinazosikika, ilikuwa tupu. Akapakia programu upya. Akaongeza nguvu ya kurusha hadi kikomo. Akaihamishia ruta dirishani. Orodha ikabaki tupu.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakikuwa na kifaa kibovu hata kimoja. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyotengenezwa, na bado mtandao haukuwepo. Wanaoanza meshi wengi hukwamia hapahapa, na wengi hukata tamaa wakiamini wamenunua ruta mbaya au wamekosea kupakia programu. Mimi naamini kosa huanzia kwenye mazoea. Mtu aliyekulia kwenye Wi-Fi ya nyumbani hushika nodi kama ruta, huku kifaa chenyewe kimeshageuka kituo cha redio na kinadai kuulizwa maswali ya redio: unarusha kwenye masafa gani, kwa upana gani, antena yako inamwona nani, na katikati yenu pana nini?

Alichokuwa nacho

Ruta ilikuwa MikroTik hAP ac lite, ile ndogo ya kukaa ndani ya nyumba. Programu ilikuwa AREDN, iliyojengwa juu ya OpenWrt (mfumo huria wa kuendesha ruta), ambayo kazi yake ni kuchukua vifaa vya kawaida vya Wi-Fi na kuvihamishia kwenye masafa na kanuni za redio za ridhaa. Fikra hii ina umri. Miaka ya 2000 waendeshaji wa Marekani walianza kuzigeuza ruta za Linksys WRT54G kuwa nodi chini ya mradi ulioitwa HSMM, baadaye ukajulikana kama Broadband-Hamnet, na kutoka humo ndipo AREDN ikachipuka. Neno la siri ambalo nodi mpya huja nalo, hsmm, limebaki kutoka enzi hizo. Kwa kuwa linajulikana na kila mtu, libadilishwe kabla ya jambo lingine lolote.

Upakiaji wenyewe sitaueleza kwa kirefu, maana hutofautiana kati ya kifaa na kifaa, na maelekezo ya kila modeli yanapatikana kwa waandaaji wa programu. La kuzingatia ni kuchukua faili la modeli yako hasa, herufi kwa herufi, kwa sababu ruta mbili zenye sura moja zinaweza kuwa na kumbukumbu na redio tofauti ndani.

Baada ya kupakia, mwenye nodi hufungua ukurasa wa 192.168.1.1, huandika jina la nodi linaloanza na alama yake ya wito (utambulisho wa herufi na tarakimu aliopewa na leseni), huweka neno jipya la siri, kisha nodi hujizima na kuwaka upya. Ikiwaka inakuwa na anwani inayoanza na 10, na namba tatu zinazofuata zimetokana na sehemu tatu za mwisho za anwani ya MAC ambayo kifaa kilipewa kiwandani. Naupenda sana mpango huu. Nodi mbili ambazo wenyewe hawajawahi kukutana zinaweza kuungana bila mtu yeyote kugawa anwani wala kuweka daftari la nani kachukua namba gani. Katika dharura, hapo ndipo muda mwingi unapookolewa.

Kwenye ruta hii tundu la 1 ni la intaneti ya nyumbani, la 2 hadi la 4 ni ya kompyuta na simu za mezani za wenye nyumba, na la 5 ni la kuunganisha nodi kwa nodi kwa kebo. Hilo la 5 litarudi baadaye.

Simu isiyoona kitu

Dalili ya kwanza aliyoitaja mwenye kisa ilikuwa hii: alishika simu yake, akatafuta mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, hakuona mtandao wa nodi. Akahitimisha kwamba redio ya ruta haifanyi kazi.

Hitimisho hilo ni la mtu wa Wi-Fi, na si sahihi. Nodi ya kilimani ilikuwa kwenye chaneli hasi 2, ambayo kitovu chake ni megahezi 2397, kwa upana wa megahezi 10. Simu hutafuta chaneli za kawaida tu. Chaneli 1 ya Wi-Fi ina kitovu cha megahezi 2412, na kwa upana wa megahezi 20 inaanzia 2402 hadi 2422. Chini ya 2402 simu haitafuti. Hata ingetafuta, isingeelewa kituo chenye upana wa megahezi 10. Kwa hiyo simu kutoona chochote ni jambo la kawaida kabisa kwa nodi iliyopangwa vizuri kwenye masafa hayo.

Klabu ilichagua huko chini kwa sababu nzuri. Mgawanyo wa kimataifa wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, unawapa waendeshaji wa ridhaa megahezi 2300 hadi 2450 kama watumiaji wa daraja la pili, yaani wasiwasumbue wenye haki ya kwanza na wavumilie usumbufu wao. Sehemu ya juu ya bendi hiyo imefurika Wi-Fi za majumbani. Sehemu ya chini ina utulivu. Hata hivyo kila nchi hukata kipande chake, hivyo leseni ya mahali ulipo ndiyo yenye neno la mwisho. Kwenye gigahezi 5 jambo hili ni kali zaidi: bendi ya ridhaa huanzia megahezi 5650 na kuishia 5850 katika kanda ya 1 na ya 3 za ITU, lakini katika kanda ya 2, ambayo ni Amerika, inafika 5925. Chaneli nyingi zinazosifiwa na Wamarekani kwa utulivu wake ziko juu ya 5850. Anayenakili mipangilio ya rafiki wa bara jingine anaweza kuwa anavunja sheria kwa moyo safi kabisa.

Tulipoangalia mipangilio yake, chaneli ilikuwa sawa, hasi 2. Upana ndio haukuwa sawa. Yeye aliacha megahezi 20, akiamini kwamba upana mkubwa ni kasi kubwa. Ni kweli kwamba kupunguza upana hadi nusu hupunguza kasi ya juu kabisa hadi karibu nusu. Lakini pia hupunguza kelele inayoingia kwenye kipokezi kwa desibeli 3, yaani hadi nusu, na kwa kituo cha mbali desibeli 3 ni mali. Zaidi ya hapo, vituo viwili vyenye upana tofauti havisikilizani kabisa, hata vikiwekwa juu ya meza moja. Hakuna ishara dhaifu ya kukupa matumaini. Ni kimya.

Akabadilisha upana ukawa 10. Orodha ikabaki tupu.

Nataka kusimama hapa, maana naona ndipo watu wanapopotea hasa. Mtu amefanya marekebisho sahihi, hakuona badiliko, na kwa hiyo anayarudisha yalivyokuwa na kwenda kujaribu jambo jingine. Makosa mawili yakikaa moja juu ya jingine, kuondoa la juu hakuonyeshi kitu mpaka la chini nalo liondoke. Jambo ambalo unajua kwa hakika ni sahihi, kama upana kulingana na wa jirani, liache lilivyo hata kama halijaleta matunda. Mwenye kisa alikuwa tayari ameshika kipanya kurudisha 20.

Hesabu iliyopaswa kutangulia

Kosa la chini lilikuwa njia ya mawimbi, na hili linahesabika kwa karatasi na kalamu kabla ya kununua chochote.

Upotevu wa ishara kwenye anga tupu, kwa desibeli, ni mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita, ongeza mara 20 ya logi ya masafa kwa megahezi, ongeza 32.44. Kwa kilomita 8 na megahezi 2397 inakuja takriban desibeli 118. Ruta ya ndani inarusha kama 22 dBm (desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati 1), ambazo ni miliwati 160 hivi, na antena zake ndogo za ndani huongeza labda desibeli 2. Antena ya kilimani ilikuwa ya dBi 15, yaani huongeza desibeli 15. Jumlisha 22, 2 na 15, toa 118: ishara inafika ikiwa −79 dBm, mradi njia ni wazi kabisa.

Njia haikuwa wazi. Ruta ilikuwa chumbani, chini ya paa na nyuma ya kuta. Ukikadiria kwa upole desibeli 15 za kuta na paa, unabaki na −94 dBm. Kelele ya pale nyumbani, tulivyoipima baadaye, ilikuwa −89. Ishara ilikuwa imezama chini ya kelele. Hapakuwa na programu ya kuitoa huko.

Sasa tazama alichofanya kwa kuongeza nguvu. Alitoka 19 dBm kwenda 22, akapata desibeli 3, na hizo ni za kuelekea kilimani tu. Mlima kumsikia yeye kukawa rahisi kidogo. Yeye kuusikia mlima hakukubadilika hata chembe. Antena nzuri hufanya kazi pande zote mbili, kwa kurusha na kwa kupokea. Ndiyo maana nasema bila kusita: kabla ya kugusa nguvu, gusa antena, na kabla ya kugusa antena, gusa mahali ilipo.

Juu ya paa

Alipata nodi ya nje, ya aina ya NanoStation M2 ya Ubiquiti, ambayo redio na antena viko kwenye kasha moja. Antena yake ni bapa, ya takriban dBi 11. Kebo moja ya Etheneti hubeba data na umeme pamoja, kwa hiyo hakuna kebo ya antena ya kula ishara njiani. Hesabu mpya: 22, 11 na 15, toa 118, sawa na −70 dBm. Kutoka −94 hadi −70 ni tofauti ya desibeli 24, ambayo kwa nguvu ni zaidi ya mara 200, bila kuongeza miliwati hata moja.

Aliifunga kwanza chini ya upenu, mahali palipofikika kwa ngazi fupi. Jirani akatokea! Furaha yake ilikuwa ya haki, lakini namba zilikuwa hazitoshi: ishara −82, kelele −89, tofauti ya desibeli 7. Kwa kawaida natafuta tofauti ya 15 au zaidi ndipo niseme kiungo kimesimama. Kwa 7, kurasa hufunguka nusu, simu hukatika, na majani yakilowa mvua au gari refu likisimama vibaya kila kitu hupotea.

Desibeli 12 zilizokosekana kati ya −70 na −82 zilikuwa wapi? Kwenye miti, kiasi cha nusu kilomita kutoka kwake. Yeye alisema mti hauzibi, kwa sababu akisimama chini ya upenu na darubini aliiona nguzo ya kilimani juu kidogo ya majani. Jicho lake lilikuwa sahihi. Mawimbi ya redio, hata hivyo, hayasafiri kama uzi. Hujaza umbo lililotuna katikati na kuchongoka kwenye ncha, liitwalo ukanda wa Fresnel. Kwa njia hii ya kilomita 8 kwenye megahezi 2397, nusu kipenyo cha ukanda katikati ya njia ni karibu mita 16. Pale penye miti, nusu kilomita kutoka upande mmoja, ni mita 7.7 hivi. Kanuni inayotumika ni kuacha wazi angalau asilimia 60 ya kipimo hicho, yaani mita 4.6 juu ya vilele vya miti. Yeye alikuwa na labda mita 1. Mviringo wa dunia wenyewe, kwa umbali huu, hula kama mita 1 tu katikati ya njia, kwa hiyo haukuwa na lawama.

Akasimamisha mlingoti juu ya mgongo wa paa, antena ikapanda karibu mita 4 zaidi. Kuelekeza antena ilikuwa kazi ya watu wawili: yeye juu na redio ya mkononi ya mita 2, na mwanachama mkongwe wa klabu mezani kwake, akisoma namba kwenye ukurasa wa nodi ya kilimani.

"Mzee, sasa?"

"Zungusha kushoto kidogo, mwanangu. Polepole. Namba huchelewa, mpe sekunde chache kila ukigusa."

"Na hapo?"

"Hapo ulipita. Rudi. Acha. Kaza hapohapo."

Ushauri wa mzee kuhusu kuchelewa kwa namba ni wa thamani. Ukurasa husasisha kila baada ya muda, na mwenye haraka hupita kilele bila kujua, kisha hukaza antena mahali ambapo ishara inapungua.

Ishara ikawa −73 na tofauti na kelele ikawa 16. Hesabu ilisema −70, na hizo 3 sikuzifuatilia. Majani ya pembeni na antena kutolengana sawasawa yanatosha kuzieleza. Badala yake tulitazama kelele. Wi-Fi ya nyumbani ilikuwa kwenye chaneli 1, ambayo mguu wake wa chini unagusana na chaneli hasi 2, na ruta yake ilikuwa mita chache chini ya antena. Wi-Fi ikahamishiwa chaneli 11. Kelele ikashuka kutoka −89 hadi −94, tofauti ikawa 21. Desibeli 5 kwa kubonyeza vitufe viwili.

Upande mmoja unasikia, mwingine hausikii

Hata hivyo faili lilikwenda kwa kusuasua kuelekea kilimani na kushuka upesi kutoka huko. Ubora wa kiungo hupimwa pande zote mbili, na hapa pakiti za kutoka kilimani zilifika karibu zote, ilhali zake yeye zilihesabiwa kufika kama asilimia 60 tu. Wengi hudhani kiungo cha redio ni sawa kwenda na kurudi. Njia ni ileile, lakini kelele ya kila mwisho ni ya kwake. Antena ya kilimani inaona mji mzima, na kwa hiyo inasikia kelele ya mji mzima. Antena ya nyumbani inatazama kilima tu.

Kabla ya kulaumu kelele ya kilimani tulikagua mpangilio wa umbali. Nodi ikirusha pakiti husubiri jibu fupi la kuthibitisha kwamba imefika. Kwa kilomita 8 wimbi hutumia mikrosekunde 27 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Nodi iliyoambiwa kwamba jirani yuko mita mia chache haingoji kiasi hicho. Huamua pakiti imepotea na kuirusha tena, kumbe ilishafika. Yeye aliweka umbali mfupi siku za ruta ya ndani, na akaunakili kwenye nodi ya nje. Tulipoweka umbali wa kweli, asilimia 60 ikawa zaidi ya 90. Zilizobaki ni za kelele ya kilimani, na dawa yake iko kilimani.

Intaneti, siri na sheria

Wakati orodha ilipokuwa tupu, alishauriwa aunganishe nodi yake na klabu kwa handaki la intaneti, yaani njia inayopitisha data za meshi ndani ya intaneti ya kawaida badala ya hewani. AREDN inaweza kufanya hivyo, na kwa mtu asiye na jirani hata mmoja ni njia njema ya kujifunza: unaona nodi nyingine, unajaribu simu, unazoea majina yanayoishia na local.mesh. Mimi sipingi. Ninachopinga ni handaki kuficha ukweli kwamba hakuna njia ya redio. Siku intaneti inapokatika handaki huondoka nayo, na siku hiyo ndiyo meshi iliwekwa kwa ajili yake. Katika kisa hiki tulilizima handaki wakati wote wa kupima, ili orodha ya majirani itueleze habari za redio peke yake.

Jambo la pili lilihitaji maneno mazito zaidi. Alikuwa amewasha mpangilio unaoruhusu nodi nyingine kutoka kwenda intaneti kupitia kwake, akiuona kama ukarimu. Programu huja ikiwa imezima mpangilio huo, na kuna sababu. Redio ya ridhaa si ya biashara, na mawasiliano yake hayafichwi maana. Kanuni za ITU zinakataza kusimba mawasiliano kati ya vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kwa nia ya kuficha maana, na nchi nyingi zinaweka katazo hilohilo ndani ya mipaka yao. Simu moja tu ya mgeni ikipata mlango, huanza yenyewe kuvuta matangazo, kusasisha programu za kampuni na kuzungumza na seva za benki, vyote vikiwa vimesimbwa, na vyote vikirushwa hewani chini ya alama ya wito ya mwenye nodi. Leseni inayowajibika ni yake. Akauzima, na nashukuru aliuzima kwa kuelewa.

Kwa upande wa ndani ya nyumba hakuna tatizo. Kompyuta iliyochomekwa kwenye tundu la 2 la ruta hupata intaneti kwa kebo ya tundu la 1, na hakuna sehemu ya safari hiyo inayogusa masafa ya ridhaa. Ruta ile ya ndani, ambayo redio yake ya meshi sasa imezimwa, ilibaki kuwa kitovu: tundu la 5 likaunganishwa na nodi ya paa, na nodi mbili zikawa zinazungumza kwa waya.

Kuna la siri pia. Kwa kuwa njia ya hewani haina usimbaji, neno lolote la siri unaloandika kwenye ukurasa wa kawaida wa nodi ya mbali linasomeka na anayesikiliza. Usitumie kwenye meshi neno ambalo unalitumia mahali pengine.

Ethi na betri

Kuhusu radi nitakuwa mfupi na mkali. Mlingoti wa chuma juu ya paa uunganishwe na ethi ya nyumba (waya unaopeleka umeme ardhini), kebo iwe ya nje yenye ngao, na kizuia radi cha Etheneti kiwekwe pale kebo inapoingia ndani. Asiye na uhakika na ethi yake amwite fundi umeme mwenye sifa. Hakuna kifaa kinachozuia radi ya moja kwa moja. Kinachozuiwa ni umeme mdogo unaoingia kwenye waya wakati radi imepiga jirani, na huo ndio unaoua nodi nyingi. Kebo nayo ipinde kidogo chini kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondoke nje.

Betri inastahili kufikiriwa siku ya kwanza. Nodi ya paa na ruta kwa pamoja zinakula kama wati 10. Betri ya volti 12 yenye amp-saa 20 ina wati-saa 240. Ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, na kibadilishaji cha kupandisha volti hadi 24 za nodi ya nje nacho hula chake. Inabaki kazi ya saa 10 hivi. Kwa mtandao uliokusudiwa kuishi umeme ukikatika, nodi isiyo na betri ni nusu ya nodi.

Jirani wa pili

Simu ya kwanza kupitia kilima, kwa simu ya mezani ya IP (inayopitisha sauti kwenye mtandao), ilisikika safi. Sauti isiyobanwa huhitaji kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, na kiungo kilikuwa na nafasi ya kutosha. Kisha mwanachama mwingine, upande wa pili wa kilima, naye akaweka nodi yake. Kasi ya huyu wetu ikashuka jioni zote ambazo yule wa pili alikuwa akituma picha za kamera, ingawa ishara ilibaki ileile, −73, na kelele ileile.

Nodi hizi husikiliza kwanza kabla ya kurusha, ili zisigongane. Lakini nyumba hizi mbili hazisikiani kabisa, kilima kiko katikati. Kila moja husikia kimya na kurusha, na pakiti zao hugongana kwenye antena ya kilimani, mahali pekee ambapo zote mbili zinasikika. Hapo mwenye nodi ya nyumbani hana cha kurekebisha, na kuongeza nguvu kungefanya migongano iwe mikali zaidi. Pendekezo nililolipeleka klabuni ni kuweka redio mbili kilimani, kila moja ikitazama upande wake kwenye chaneli yake, zikiunganishwa kwa kebo. Ikiwa chaneli hasi 2 itabaki upande wa kwanza, upande wa pili uhamie gigahezi 5 ndani ya kipande ambacho leseni zao zinaruhusu, na wakati wa kufanya hivyo mwenye nodi wa upande wa pili apimiwe njia yake kwanza, miti yote ikiwemo, kabla hajanunua kitu.